Punda Mwenye Mvi

Mwaka mvua zilipokata, wanyama wa kijiji kimoja cha Magarini, nyuma ya magenge mekundu ya Marafa, waliketi chini ya mkwaju kumtafuta aliyeifunga mvua. Jogoo akatangulia kusema, kwa kuwa ndiye mwenye sauti.

"Mtazameni Hawe Punda. Mdomo umekuwa mweupe. Nani huota mvi bila kula watu?"

"Kweli kabisa," akaitikia Beberu, ambaye tangu mume wa Hawe afariki alikuwa akikipigia hesabu kipande chake cha malisho chenye mwembe. Hakuna aliyekumbuka kuwa mgongo ule wenye makovu ndio uliowabebea maji miaka yote.

Usiku kifaranga akamnong'oneza, "Hawe, ondoka. Wanakuja alfajiri." Hawe akavuka mto Sabaki penye maji haba, akatembea hadi upande wa Ganze, akalikuta boma la wazee waliofukuzwa kama yeye.

Siku za kwanza alisimama pembeni, kichwa chini. Neno likirudiwa na wengi, hata aliyesingiziwa huanza kulisadiki. Hapo bomani palikuwa na punda dume mzee aliyeitwa Tsawe, sikio moja limekatwa kwa panga. Hakumwuliza habari za kwao. Kila jioni alikuja akasimama upande unakotoka upepo, akamkinga. Siku ya saba akamkuna kwa meno, taratibu, chini ya singa za shingo, pale ambapo mdomo wa punda mwenyewe haufiki. Hawe akafumba macho. Miaka yote ile ya mizigo, hakuna aliyewahi kumwuliza ni wapi panapomwasha.

"Tsawe," akasema, "mimi nimezeeka."

"Ndiyo maana nimekuja polepole."

Boma zima likapiga vigelegele, na Hawe akainua kichwa. Kiangazi kilipozidi, alishuka kwenye mkondo mkavu, akanusa mchanga, akachimba kwa kwato kama mama yake alivyomfunza. Mchanga wa moto ukatoka, ukafuata wa baridi, kisha wenye unyevu, hatimaye maji yakachuruzika.

Habari zikafika Magarini. Jogoo alikuja sauti imemkauka, Beberu nyuma yake.

"Rudi nyumbani, Hawe. Malisho yako tumekutunzia."

"Kunyweni kwanza," akawajibu. "Nitarudi, mimi na mume wangu, na chini ya mwembe wangu tutalala."

Hekaya ya wanyama imekwisha. Ya watu bado. Hapa Kilifi wazee wamekatwa mapanga kwa sababu ya mvi, na mara nyingi nyuma ya shutuma za uchawi kuna shamba la urithi. Kaya Godoma, huko Ganze, imewahifadhi walionusurika. Tena Mekatilili wa Menza alikuwa mjane, mtu mzima, alipowaamsha Wagiriama dhidi ya wakoloni Waingereza mwaka 1913 kwa ngoma ya kifudu, na kaburi lake liko Bungale, humu humu Magarini. Ardhi iliyomzika mama yule haina haki ya kuogopa mvi.

Ukisikia jirani ameitwa mchawi, uliza kwanza nani analitaka shamba lake. Na mama yako mjane akipata mwenzi wa kumkinga upepo, usimwonee haya. Watandikie mkeka.