Jinsi ya Kupoteza Kazi ya Wiki Tatu kwa Amri Moja

Wenzako wanahangaika miaka na miaka wapate kujulikana ofisini. Wewe unahitaji lile dirisha jeusi la terminali, herufi chache, na haraka. Maelekezo haya nimeyajaribu mwenyewe, hayajawahi kuniangusha.

Shika kwanza rm -rf. Ile r inafuta folda na vyote vilivyomo, hadi vitukuu. Ile f inaiambia isiulize mtu. Pipa la taka la kwenda kufukua kesho halipo. Waoga hutanguliza ls kwenye folda ile ile, wakaona kitakachokwenda, ndipo wakafuta. Bingwa hana muda huo. Anataka kusafisha majaribio/*, kidole kinagusa kitufe cha nafasi, anaandika rm -rf majaribio /*. Nafasi hiyo moja inatosha: inaondoka majaribio, kisha kila kilicho chini ya mzizi wa mashine ambacho ana ruhusa nacho. Atangulize sudo, ruhusa isiwe kikwazo. Ni kweli rm ya Linux siku hizi hugoma ukiielekeza kwenye / peke yake, lakini nyota haigomewi: sheli huikunjua ikawa orodha ya folda kabla rm haijaiona.

Usidhani haya ni ya wanagenzi. Mwaka 1998, pale Pixar, amri ya kufuta ilipita kwenye mafaili ya filamu ya Toy Story 2, wahusika wakaanza kuyeyuka watu wakitazama. Nakala za akiba zilikuwepo, ila zilikuwa mbovu na hakuna aliyejua. Aliyeokoa jahazi ni mwenzao Galyn Susman, aliyekuwa na mtoto mchanga, akifanyia kazi nyumbani, na nakala anayo huko. Basi funzo ni hili: usiweke nakala nyumbani. Na zile za ofisini usizijaribu hata siku moja kama zinarudi.

Git, ile inayotunza historia ya kila badiliko, iogope. Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, sisi tuna mbinu za asili: folda mradi_mwisho, mradi_mwisho2, na mradi_mwisho_KABISA. Wakikulazimisha kuitumia, kila badiliko lieleze kwa neno moja, "marekebisho". Faili la .env lenye nywila za hifadhidata lipandishe pamoja na mengine; .gitignore ni ya wenye siri. Hata ukilifuta kesho, historia ya Git inabaki nalo, kwa hiyo hakuna haja ya kubadilisha nywila, sivyo?

Kazi ndefu kwenye seva ya mbali ifanye kwa bando la simu, bila tmux. Ukianza na tmux new -s kazi, mtandao ukikatika kazi inaendelea kule kule, na baadaye unaifuata kwa tmux attach -t kazi. Raha iko wapi? Mimi nilikuwa nahamisha data, saa ya tatu imeshaanza, Mama akanipigia kuuliza kama nimekula. Simu ilipoingia, intaneti ikatoka, na kazi ikafa nayo. Nilimjibu sijala.

Amri ya jana usiitafute kwa Ctrl+R na herufi zake mbili tatu. Bonyeza mshale wa juu mara arobaini, ukiipita, rudi chini. Habari za kutoka ndani ya Vim sizigusi, utani wake umechakaa. Esc, kisha :q!, basi.

Nimeacha kilicho bora mwisho. Fungua madirisha mawili, moja la seva ya majaribio, jingine la seva ya wateja, na yote yawe rangi moja. Kuna watu huweka alama nyekundu kwenye PS1 ya seva ya wateja, kila mstari uwapigie kelele wako wapi. Ni mistari miwili mitatu ndani ya .bashrc, dakika tano tu. Mimi nilisema nitaiweka Jumatatu.

Leo ni Alhamisi. Naandika haya nikisubiri seva ya wateja irejeshe nakala ya juzi. Imefika asilimia 12.