Samaki wa Chupa

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia majumbani mwetu Uvira, likafika hadi bandari ya Kalundu. Maji yalipoanza kurudi nyuma yaliacha mabati, ndara za mguu wa kushoto tu (za kulia sijui zilikwenda Bujumbura), na vipande vya chupa vilivyosuguliwa na mchanga na mawimbi mpaka vikapoteza ukali, vikawa na ukungu kama jicho la babu. Wenye akili waliokota mabati. Mimi niliokota chupa.

Binamu yangu wa Nairobi akanichochea kwa kunitumia video za Kitengela, ambako mafundi wanayeyusha vioo vya taka na kupuliza bilauri. Tena Arusha kuna karakana ya Shanga, nako wanafanya mapambo kwa chupa kuukuu. Basi Uvira tukose nini? Makala ya jiko yapo, chupa ndizo usiseme. Nikaamua kutengeneza ndakala, dagaa wetu, wa kioo, wa kuning'iniza dirishani wang'ae jua likichomoza upande wa Burundi.

Jumamosi mama alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Nikawasha jiko la mbabula, nikavunja chupa ya bia (ilikuwa ya kurudisha, deni lake lilikuja baadaye), vipande nikavipanga umbo la samaki ndani ya sufuria yake kubwa ya aluminiamu, ile ya sombe ya wageni. Mdogo wangu akapepea kwa mfuniko. Moto ukawa mvivu, nikachukua mashine ya dada ya kukaushia nywele. Umeme siku hiyo, kwa bahati mbaya, ulikuwepo.

Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kioo cha chupa, ili vipande vishikane sawasawa, kinataka zaidi ya 700. Hesabu hiyo niliijua siku mbili baadaye.

Kwanza kitako cha sufuria kilishuka taratibu, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Kikatokea chozi la fedha, likaning'inia, likadondoka kati ya makala. Likafuata la pili.

“Yaya,” mdogo wangu akasema, “sufuria inalia.”

Kabla sijazima mashine, samaki wangu alikuwa ameshazama motoni na sufuria ikimfuata. Mfuniko ulipona, kwa kuwa ulikuwa mkononi mwa mpepeaji.

Jumatatu nilibeba bonge la aluminiamu hadi kwa mzee mmoja anayesubu sufuria karibu na soko. Akaligeuza, akanitazama.

“Sisi tunayeyusha mabovu tupate sufuria. Weye unayeyusha sufuria upate mabovu?”

Alipomaliza kucheka alinionea huruma. Akachukua kigae cha chungu, akakinyunyizia majivu kioo kisigande, akaniruhusu nipange samaki mwingine pembeni mwa tanuru lake. Huyu nilimtilia jicho la kioo cha kijani. Vipande vikaiva vyekundu kama pilipili, ncha zikajikunja, nyufa kati yao zikafumba zenyewe mbele ya macho yangu. Nikanyoosha koleo nimtoe nimtie kwenye ndoo ya maji. Mzee akanipiga kofi mkononi.

“Kioo hakipozwi kama chuma. Kitapasuka.”

Akamfukia kwenye majivu ya moto mpaka kesho yake.

Asubuhi nilimkuta mzima, laini, rangi ya asali. Isipokuwa jicho: lilikuwa limechomoka, limelala kando yake kwenye majivu. Chupa mbili za viwanda viwili huenda zisisinyae sawa zikipoa. Ya kijani ilikataa kuishi na ya bia. Kipofu, lakini samaki.

Nikampelekea mama, nimeshamfunga kwenye kitambaa safi kama posa. Akamtazama kwa muda mrefu, hakusema neno, akaingia naye jikoni.

Mchana akaniita mezani. Bugali ulikuwa umesongwa kwa sufuria ya kuazima kwa jirani. Mbele yangu akaweka mfuniko wa ile sufuria yake, umegeuzwa juu chini, na katikati yake samaki wangu, amekatiwa ndimu.

“Karibu, fundi,” akasema. “Kula.”