Kitambi Kipewe Heshima Yake

Anayekaribia kutimiza miaka 50 ana maadui wengi wa kuchagua: mikopo, magoti, mvi, ada za shule, na ndugu wanaokumbuka ahadi za zamani. Ajabu ni kwamba, ikibaki miezi mitatu kabla ya sherehe, hao wote husamehewa na vita hutangazwa dhidi ya kitambi peke yake. Ndimu hununuliwa kwa mafungu, raba mpya hutolewa kwenye boksi, wali hupigwa marufuku nyumbani, na watoto wasio na hatia hulishwa matango. Kitambi hakiulizwi neno, ingawa kati ya wote hao ndicho pekee ambacho hakijawahi kumwomba mtu hela wala kumkimbia. Hoja yangu ni moja: hakuna aliyemtumikia binadamu wa makamo kwa uaminifu kuliko kitambi, na kumfukuza mtumishi wa namna hiyo ili upige picha za siku moja ni utovu wa adabu.

Tuanze na hesabu. Gramu moja ya mafuta hubeba kilokalori 9, wakati gramu moja ya wanga hubeba 4 tu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kilokalori 7,700, yaani chakula cha mtu mzima cha siku tatu na ushei. Mwenye kilo kumi za ziada basi anatembea na posho ya mwezi mzima kiunoni, na hajakatwa makato, hajajaza fomu, wala hajaambiwa mtandao uko chini. Chipsi mayai zilizoliwa kwa kusimama kibandani, soda ya kuzisindikiza, vitumbua viwili vya "kuonja tu", kiporo cha saa sita usiku nyumba nzima ikiwa imelala: vyote vilipokelewa na kuhifadhiwa, hata vile ambavyo mwenyewe angeapa hakuvila. Nitajie mweka hazina wa kikoba chochote mwenye vitabu safi kama hivyo.

Na tabia hii ya kuweka akiba haikutokana na ulafi. Kwa sehemu kubwa ya historia yake binadamu ameishi kati ya mavuno na njaa, na mwili uliojua kuweka ndio uliovuka kiangazi. Mwaka 1962 mwanajenetiki wa Marekani James Neel alipendekeza kwamba huenda tumerithi ubahili huo kutoka kwa mababu walionusurika. Wenzake wamebishana naye tangu hapo, lakini kwamba mwili unatetea akiba yake hilo halina ubishi tena. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 waliojitolea, watu waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani zao. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walipoteza pia hamu ya karibu kila kitu isipokuwa chakula, hata baadhi yao wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Waliporuhusiwa kula watakavyo, mafuta yalirudi kwanza, tena yakapita kiwango cha awali. Mtumishi alikuwa amefukuzwa, akarudi na ndugu zake.

Atakayesema hayo ni mambo ya vita na atazame mashindano ya televisheni ya Marekani yaitwayo The Biggest Loser. Mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwafuatilia washiriki 14 wa msimu mmoja na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Shindano lilipomalizika, kwa wastani kila mmoja alikuwa amepungua kilo 58. Miaka sita baadaye kilo 41 zilikuwa zimerudi, na miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa ikitumia takriban kilokalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Yaani mwili ulikuwa bado umebana matumizi, ukisubiri njaa ambayo haikuja. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mbele ya uaminifu wa kiwango hicho, kampeni ya miezi mitatu inatia huruma. Wiki ya kwanza huwa ya shangwe, kwani mizani hushuka kilo mbili au tatu. Lakini kilichotoka kwa wingi ni maji, kwa kuwa wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli hushikamana na maji, na ukiisha nayo huaga. Kitambi kinayatazama yakiondoka, chenyewe kimekaa. Wiki ya nne huja msiba, kisha harusi, kisha kipaimara, na katika nchi zetu mtu hawezi kukataa sahani ya wenye shughuli bila kueleza ugonjwa wake. Anayeujua ukweli huu kuliko madaktari wote ni fundi cherehani. Mteja akisema, "Nipimie ya kubana kidogo, fundi, hadi siku hiyo nitakuwa nimepungua," fundi huitikia, "Sawa, mama," huzungusha futi kiunoni, huandika namba aliyoiona na si aliyoambiwa, kisha huacha vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono wa ubavuni. Hajasoma jarida lolote la tiba, lakini hajawahi kulazimika kushona gauni upya usiku wa kuamkia sherehe.

Tuseme basi mtu amefaulu. Atapata nini? Wanaotimiza miaka 50 siku hizi walikua wakisikia "umenawiri" na "umenenepa, mambo si mabaya" zikitolewa kama pongezi. Tena walikuwa vijana katika miaka ya 1990, wakati ukimwi, ambao Waganda waliupa jina la "slim", ulifanya kila aliyekonda anong'onwe. Mazoea hayo hayajafutika. Mpunguza mwili anaingia ukumbini akitarajia makofi, na shangazi anamshika mkono na kumuuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mbona umekwisha hivyo, mwanangu? Kazini kuna shida?" Kitambi kingemwepusha na fedheha hiyo bila gharama yoyote.

Madaktari watapinga, na pingamizi lao ndilo zito. Mafuta ya tumboni, hasa yale yanayozunguka ini na utumbo, huendana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo kuliko yale ya nyonga na mapaja. Sikatai. Ila natambua kwamba shinikizo hupanda kimya kimya na sukari hujificha kwenye damu kwa miaka, wakati kitambi hutangulia mlangoni kabla ya mwenyewe na hupimika kwa futi ileile ya fundi. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari huanza kutia shaka kwenye sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, kipimo cha Wazungu ambacho limetuazima sisi tulio kusini mwa Sahara. Tangu lini mleta habari akaadhibiwa kwa kuwahi? Na dawa yenyewe wanayoisifu inakiheshimu kitambi kuliko wanavyodhani. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari waligawanywa kwenye makundi. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya kadiri, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki, lilipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo. Picha haizioni hizo. Na watu hao walifuatiliwa kwa karibu miaka mitatu, bila keki yoyote mwishoni. Kitambi kilipunguziwa majukumu polepole, hakikufukuzwa kwa notisi ya siku 90.

Limebaki pingamizi la picha zenyewe. Hili ni jepesi, maana sherehe zetu zimeshalitatua. Mwenye siku husimamishwa nyuma ya meza, na mbele yake huwekwa keki ya ngazi tatu inayomsitiri kuanzia kifuani kushuka chini. Baada ya picha huanza kulishana: vipande vilivyochomwa vijiti, wazazi kwanza, kisha wakwe, majirani, wenzake wa kazini, mama mwenye nyumba wa zamani, na kila anayelishwa hudai naye alishe, huku mshereheshaji akitangaza nani anafuata. Kufikia kundi la kwaya, ndimu na matango ya miezi mitatu vimeshasahauliwa, na mweka hazina yuko kazini, anapokea.