Ndugu Zangu, Kiingereza Nimekimaliza

Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye bado hajafika, wazazi mliolipa kiingilio, wazazi mliopitia dirishani, na ninyi vijana wa kidato cha kwanza, mliosoma miaka yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili na leo mnaambiwa hata jani na mzizi vimebadili majina: poleni. Na hongereni, kwa kuwa nimekuja.

Kwa wasionijua, ambao bila shaka ni wageni wa mkoa huu, mimi ndiye Kamusi Itembeayo. Cheo hicho nilitunukiwa na kamati ya mjumbe mmoja, nami nikakipokea kwa unyenyekevu mbele ya kioo. Kule London, Samuel Johnson aliposhika kazi ya kuandika kamusi alikuwa na wasaidizi 6, na ilimchukua karibu miaka 9 hadi kuitoa mwaka 1755. Mimi kijitabu changu, kinachouzwa pale mlangoni kwa shilingi 5,000, nimekiandika peke yangu kwa wiki 2, na moja kati ya hizo nilikuwa na malaria. Pigeni hesabu wenyewe.

Somo la kwanza: maana. Kila neno la Kiswahili lina neno lake moja tu la Kiingereza, kama kufuli na ufunguo wake. Ukishalipata, la pili la nini? Chukueni "kali". Kisu kikali ni "sharp". Basi, kazi imekwisha! Jua kali ni "sharp sun", dawa kali ni "sharp medicine", mbwa mkali ni "sharp dog". Juzi nilimwonya mtalii mmoja getini kwa jirani, nikampigia kelele: "Sharp dog!" Akafikiri namsifia mbwa kwa akili, akatabasamu, akainama ampapase. Mtu akiumwa kwa kutojua lugha ya mama yake, mimi nilaumiwe kwa lipi?

Somo la pili: visawe. Daktari mmoja Mwingereza, Peter Mark Roget, alichapisha mwaka 1852 kitabu kilichopanga maneno kwa koo za maana. Siri ya kitabu hicho nimeigundua mimi: maneno ya ukoo mmoja ni kama sare ya harusi, vaa lolote, mradi kitambaa ni kile kile. Tazameni ng'ombe. Wanormani wa Ufaransa walipoiteka Uingereza mwaka 1066, mabwana waliokaa mezani walizungumza Kifaransa, wachungaji kule zizini wakabaki na Kiingereza chao. Ndiyo maana hadi leo mnyama akiwa hai anaitwa "cow", akifika sahanini anaitwa "beef", neno lenye asili ya Kifaransa. Mimi nimewapatanisha: ng'ombe ni ng'ombe. Hotelini huagiza "roasted cow", na wahudumu huitana kutoka jikoni waje kuniona. Heshima ya namna hiyo hainunuliwi.

Hata nilipoomba kazi ya ualimu, sikuandika kwamba mimi ni "famous". Neno hilo kila mtu analo. Niliupekua ukoo wake, nikachomoa lililonona: "notorious". Siku ya usaili nilipewa walinzi wawili wa kunisindikiza hadi nje ya geti. Wenzangu walioandika "famous" walitoka wenyewe, bila hata mlinzi mmoja. Baadaye mwenye wivu fulani akaniambia neno lile husemwa kwa majambazi. Nilimsamehe.

Somo la tatu: vinyume. Kiswahili chetu ni hodari hapa: funga, fungua; ziba, zibua; kunja, kunjua. Kiingereza nacho kina dawa yake, "in" mwanzoni mwa neno. "Correct" ni sahihi, "incorrect" si sahihi. Kanuni hii haina mwanya. Nimeijaribu kwa mwili wangu, kando ya pipa lililoandikwa "inflammable". "Flammable" ni kitu kinachoshika moto upesi. Kwa hiyo nikawasha kiberiti kwa amani kabisa. Mliokaa mbele mmekwishaona kuwa sina nyusi. Nilizitoa sadaka kwa ajili ya elimu. Ati kamusi zinadai maneno hayo mawili yana maana moja! Nimeziandikia zijirekebishe.

Maswali. Wewe binti mwenye daftari. Marahaba, mwanangu, sema.

Ehe. Kuku wenu akifa, bibi husema kuku amekufa. Babu alipofariki, bibi akamgomba mtu aliyesema "amekufa". Sasa unauliza, kama kufa na kufariki ni visawe, mbona kuku hafariki? Na kwamba labda Kiingereza nacho ni hivyo hivyo, kila neno lina watu wake na mahali pake pa kukaa, ndiyo maana wewe huandika sentensi nzima, si neno peke yake?

Msipige makofi! Makofi ni ya mtoa mada. Binti, swali lako ni la mifugo. Kaa chini.

Umesemaje? Rudia, wasikie wote. "Your lecture was invaluable"? Ndugu zanguni, mmemsikia! "Valuable" ni chenye thamani. Sasa ondoa thamani kwa "in". Mtoto ambaye ningeweza kumzaa ananiambia mbele ya kadamnasi kwamba hotuba yangu haina thamani! Toka nje!

Ati nini? Maana yake ni kwamba thamani yake haipimiki? Una hakika? Kamusi yako hiyo imesema? Lete niione.

Hm.

Kaa, mwanangu, kaa. Na wewe uliye pale mlangoni, futa 5,000, andika 7,000.