Farasi Waliozaliwa Kwenye Karatasi

Watu wa kanda ya dhahabu ni wagumu kudanganyika. Mwoneshe mchimbaji wa Nyarugusu jiwe moja linalometameta, umwambie duara zima, yaani shimo lote la machimbo, liko hivyo, naye atakuuliza maswali mpaka ujute kumfuata: jiwe limetoka kina gani, nani amelichagua, maabara imesaga kilo ngapi, na mbona sampuli ni moja. Anajua kwamba jiwe lililochaguliwa kwa mkono wa muuzaji huwa tajiri siku zote, na kwamba gramu za jiwe hilo si gramu za tani mia zitakazofuata. Lakini mtu huyohuyo akishauza mzigo wake, akanunua Mark II, akaifungia turbo kubwa na ekzosi ya kuamsha wafu, kisha akakabidhiwa karatasi ya daino, ile mashine ya kupimia nguvu za injini, ujanja wote unamtoka. Anatazama namba moja tu, iliyo kwenye ncha ya mchoro, anaipiga picha, na kuanzia siku hiyo kijiwe kizima hakipumui. Hoja yangu ni kwamba namba ile ndiyo jiwe lililochaguliwa kwa mkono. Kwa mtu anayeendesha kati ya Shinyanga na Geita, ndiyo sehemu ya karatasi yenye manufaa madogo kuliko zote. Gari alilonalo hasa limeandikwa pembeni, chini na katikati ya mchoro, mahali ambapo hakuna anayepatazama.

Tuanze na mashine yenyewe. Gari hupandishwa juu ya roli za chuma, likafungwa mikanda lisije likatoka na ukuta wa gereji, kisha fundi huweka gia moja na kukanyaga mafuta hadi mwisho. Katika purukushani yote hiyo hakuna farasi anayeonekana. Kinachopimwa ni torki, yaani nguvu ya kusokota, au ni jinsi roli nzito inavyoongeza kasi, nayo ikageuzwa kuwa torki. Nguvu za farasi hupatikana baadaye kwa hesabu tu. Ukitumia vipimo vya Kiingereza, futi na ratili, unazidisha torki kwa mizunguko ya injini kwa dakika na kugawanya kwa 5,252. Ukitumia nyutoni-mita na kilowati unagawanya kwa 9,549. Hesabu hii kavu ina zawadi ndani yake. Kwenye karatasi ya vipimo vya Kiingereza, mistari yote miwili, wa torki na wa farasi, ikiwa imechorwa kwa skeli moja, lazima ikutane penye mizunguko 5,252, hakuna namna nyingine. Ikikutana mahali pengine, ujue mchoro umesaidiwa na mtu. Vipimo navyo vina vituko vyao: farasi wa Mwingereza, tuliyeachiwa na James Watt katika karne ya 18, ni wati 746, na farasi wa Mjapani ni wati 735.5, hivyo injini ya farasi 280 wa Kijapani ina farasi 276 wa Kiingereza. Wanne wamepotea safarini na bandari haina kosa. (Laiti Watt angezaliwa Usukumani, tungehesabu ng'ombe wa jembe, na hakuna ambaye angethubutu kuongeza idadi ya ng'ombe mbele ya wakwe.)

Na hiyo 280 yenyewe ilikuwa adabu tu. Kuanzia 1989 hadi 2004, kampuni za magari za Japani zilikubaliana kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280, ndiyo maana injini nyingi kali za miaka ile, 1JZ-GTE ya Toyota ikiwemo, ziliandikwa namba hiyohiyo, hata pale ambapo zilikuwa na ziada mfukoni. Kwa hiyo mwenye gari anapoweka karatasi yake mpya kando ya namba ya kiwandani na kusema fundi amemwongezea farasi sitini, analinganisha kipimo na heshima.

Halafu kuna hewa, na hapa ndipo penye uhondo. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Geita iko juu zaidi, maana hata uso wa Ziwa Victoria, ambalo wengi hulidhania bonde, uko kwenye mita 1,134 hivi. Kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni takriban hektopaskali 880, wakati ufukweni Dar es Salaam ni karibu 1,013. Injini isiyo na turbo hunywa kinachopatikana. Hewa ikipungua kwa asilimia 12 au 13, nguvu nazo hupungua karibu kiasi hicho. Altezza iliyoandikwa farasi 210 huko Japani inafika Shinyanga ikiwa na 185 hivi, kabla fundi hajaigusa na kabla plagi hazijachoka. Watengenezaji wa daino wanalijua hilo, ndiyo maana programu zao zina masahihisho. Kanuni inayotumika sana, J1349 ya chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, inayarudisha matokeo kwenye hewa kavu ya nyuzi 25 na hektopaskali 990. Fikiria mchana wa Oktoba mjini Shinyanga, joto nyuzi 32, mvua bado. Ukiiingiza hali hiyo kwenye kanuni, inaongeza karibu asilimia 18. Gari lililotoa farasi 140 kwenye matairi linachapishiwa 165. Farasi ishirini na watano wamezaliwa kwenye printa. Hawali majani, hawanywi maji, na hawavuti kitu.

Mtetezi wa karatasi atasema, na ana haki, kwamba masahihisho si uongo. Bila hayo mtu wa Shinyanga hawezi kulinganisha gari lake na la mtu wa Tanga, na fundi hawezi kulinganisha kazi ya Juni na kazi ya Oktoba. Ni kweli kabisa. Ila kulinganisha ni jambo moja na kuendesha ni jingine: lori linalotoka Isaka kwenda Rwanda halitakungoja ulipite katika hewa ya kanuni. Tena hesabu hiyo inaifaa zaidi injini inayovuta hewa yenyewe. Turbo hupunguza hasara ya kimo kwa kazi yake ya kila siku. Ikijaza kwa bar moja juu ya hewa ya nje, injini ya Shinyanga inapata pungufu ya asilimia 6 au 7 tu ikilinganishwa na ya pwani, na turbo inayoongozwa na kompyuta ya kisasa inaweza kuifuta hata hiyo. Ukiichukua injini ya namna hiyo na kuipa tena asilimia 18, ni kumlipa asiyedai. Na hapo hatujafika kwenye kitufe kingine: programu nyingi humruhusu fundi kuchagua kanuni ya zamani, ambayo kwa gari lilelile na siku ileile hutoa namba iliyo kubwa kwa takriban asilimia 4 kuliko J1349. Kwa bonyezo moja mteja anaongezewa farasi sita, na hakuna nati iliyofunguliwa.

Nyongeza ya mwisho hufanyika kichwani mwa mwenye gari. Daino ya roli inapima kwenye matairi, kiwanda kinatangaza nguvu za injini ikiwa peke yake, na katikati kuna giabokisi, difu, beringi na mpira wa tairi, ambavyo vyote vinakula. Vinakula kiasi gani? Kijiweni jibu ni asilimia 15, au 20, au 25, kulingana na namba ambayo msemaji alitaka kuifikia.

Sasa tuje kwenye umbo la mstari, kwa kuwa hapo ndipo gari linapokaa. Magari yanayobeba kazi za migodini sehemu hizi ni Land Cruiser, na mengi yana injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. Kilele chake ni kilowati 96 kwenye mizunguko 3,800, farasi 130 hivi, namba ambayo kijana wa Altezza hawezi kuitaja bila kucheka. Lakini torki yake ya juu kabisa, nyutoni-mita 285, iko kwenye mizunguko 2,200 tu. Piga hesabu ile ya 9,549 na utaona kwamba pale inapovuta kwa nguvu zaidi ina farasi 89. Farasi hao 89 ndio wanaotoa viroba vya mawe kwenye tope na kuvifikisha penye karasha. Altezza, pamoja na farasi wake 210 wa mizunguko 7,600, ingebaki palepale ikipiga kelele nzuri.

Chukua karatasi mbili za kufikirika. Ya kwanza ina kilele cha farasi 250, lakini mstari wake umelala chini mpaka mizunguko 4,500, turbo kubwa ikisubiri moshi wa kuizungusha, kisha unaruka ghafla. Ya pili inaishia 190, ila inaanza kupanda kwenye 2,000 na kujaa mapema. Kijiwe kitaipa ushindi ile ya kwanza bila kura. Ila barabara ya Tinde, Isaka, Kahama, Ushirombo, Runzewe hadi Katoro inapita kwenye makazi, na kwenye makazi sheria ni kilomita 50 kwa saa, na penye kibao hapakosi mtu mwenye tochi. Kwa mwendo huo, gia ya nne, injini inazunguka kama mara 2,000 kwa dakika. Ukitoka kijijini na kutaka kulipita lori, unaanzia hapo. Mwenye 190 anakanyaga na kupita. Mwenye 250 anashusha gia, anasubiri, anashusha nyingine, na wakati turbo inaamka basi limeshatokea mbele na inabidi arudi nyuma ya lori akavute moshi wake kwa kilomita nyingine tano. Farasi wake 250 hawakuongopa. Walikuwa hawajafika kazini.

Wapo watakaosema karatasi zote ni upuuzi, daino ya kweli ni barabara. Hawa nawaheshimu, lakini wana tatizo la ushahidi. Barabara ina mteremko usioonekana, ina upepo, ina abiria aliyekula vizuri. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kuna kilomita tatu za lami nzuri juu ya maji zinazomshawishi kila mwenye ekzosi mpya, na upepo wa ziwa ukimsukuma kwa nyuma atatangaza mafanikio ambayo ni ya ziwa. Ubora wa daino ni kwamba inarudia: gari lilelile, roli zilezile, saa ileile, kabla na baada. Ndiyo maana tofauti kati ya mistari miwili ya mashine moja inaaminika kuliko kilele chochote, na ndiyo maana karatasi iliyopigwa picha kutoka Nairobi au Osaka haina neno la kuliambia gari la Geita. Osaka kuna petroli ya oktani inayofikia 100, na injini iliyotegwa kwa mafuta hayo ikipewa ya kwetu hugonga, kompyuta inarudisha cheche nyuma, na farasi wanaondoka kimyakimya.

Petroli inatupeleka kwenye mstari wa chini kabisa, unaoonesha uwiano wa hewa na mafuta. Injini ya petroli ikikanyagwa hadi mwisho inahitaji sehemu 12 hadi 13 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta. Mstari ukipanda kuelekea 14.7 huku turbo imejaza, unachokitazama ni tarehe ya mazishi ya pistoni, na mara nyingi namba ya juu inakuwa nzuri siku hiyohiyo, kwa kuwa injini inayoungua vibaya inaweza kutoa nguvu vizuri kwa dakika chache. Kwa 1HZ iliyofungiwa turbo baadaye, jambo la kuuliza ni joto la moshi, kwani injini hiyo haikuundwa kwa turbo. Hakuna anayepiga picha mistari hiyo. Gasketi ya silinda hedi ikipasuka Runzewe saa mbili usiku, wa kulaumiwa anakuwa fundi, vumbi, au jirani mwenye kijicho.

Anayetaka karatasi yenye faida aombe vipimo vitatu mfululizo, vianzie mizunguko 1,500, mafuta yaliyotumika yaandikwe, na vichapishwe bila masahihisho. Fundi akisema programu yake haina mahali pa kuyazimia masahihisho, amwombe amwoneshe pale anapoyawashia.