Barua ya wazi kwa Bwana Mkurugenzi wa banki yangu, Bukavu

Bwana Mkurugenzi,

Ninawaandikia kama mwalimu wa hesabu, kuwashukuru kwa msaada wa vifaa vya kufundishia. Miaka yote nimefundisha y = ax + b kwa mifano ya teksi na magunia ya makaa, watoto wakasinzia. Siku nilipoandika ubaoni makato ya akaunti yangu, hata wa dawati la nyuma waliamka.

Darasani tulikubaliana hivi: y ni pesa zote mnazonikata kwa mwezi, x ni mara ninazochukua pesa, a ni makato ya kila mara, na b ni ada ya kutunza akaunti, ambayo hukatwa hata nikilala tu. Kwa kuwa bei zenu hazijabandikwa popote, tukabuni. Banki ya kwanza: dola 5 kwa mwezi, na dola 1 kila unapochukua. Ya pili: dola 2 kwa mwezi, na dola 2 kila mara. 5 + x = 2 + 2x, kwa hiyo x ni 3. Mama wa soko la Nyawera anayechukua mara nne aende ya kwanza. Wa mara moja aende ya pili.

Mtoto mmoja akaniuliza, “Mwalimu, wewe unachukua mara ngapi?” Mara moja, mshahara ukiingia, nauchukua wote. “Sasa wanakutunzia nini?” Swali hilo ninalileta kwenu.

Msinione mkosa shukrani. Kabla serikali haijaanza, mwaka 2011, kupitisha mishahara ya watumishi wake banki, bahasha ilitufikia baada ya kupita mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na a yake. Ninyi angalau mnakata kwa karatasi yenye muhuri.

Kinachonishinda ni Februari 2025. Waasi wa M23 waliingia mjini, banki zikafunga milango. x yangu ikawa 0 bila kuulizwa, na ax ikafa papo hapo. Na b je? Yeye hana mlango wa kufungwa. Kwa zile dola 5 za ubaoni, miezi sita tu ni dola 30 za kutunziwa akaunti nisiyoweza kuigusa.

Huku nje tulipata milinganyo mingine. Kwenye kabini ya pesa za simu makato hufuata kiasi, na a hupanda kadiri noti zinavyoadimika. Ukivuka mto Ruzizi uende kuchukua pesa Kamembe, Rwanda, kuna pikipiki na foleni ya mpakani: hiyo nayo ni b. Ukirudi, kambiste, mbadilisha pesa, anainua noti yako ya dola 20 juani, anaona imechanika pembeni, upana wa ukucha wa mtoto, anakurudishia. Ishirini ni sawa na sifuri. Hilo sijaweza kulifundisha.

Ombi langu ni fupi. Bandikeni a na b mlangoni, kwa herufi kubwa. Mlango uliofungwa nao unabandikika. Kisha mniandikie kama b ya miezi ile ilihesabiwa. Ikiwa ndiyo, nitaiweka kwenye mtihani wa muhula, na nakala ya maswali nitawaletea bure, bila ada ya kuitunza.

Mteja wenu, mwalimu wa hesabu,
Kadutu