Jinsi ya Kulima Mahindi na Kuyanunua Tena

Mwaka wa familia kubwa ya wakulima hauanzi Januari. Huku Wanging'ombe, mkoani Njombe, unaanza Oktoba, asubuhi ambayo mzee anatoka nje, anayatazama mawingu ambayo hayapo na kutangaza kwamba mwaka huu mvua itawahi. Jibu sahihi ni, "Ndiyo, baba." Usitaje utabiri uliousikia redioni. Watabiri wameshasema mvua itakuwa ya wastani hadi juu ya wastani maeneo fulani, na ya wastani hadi chini ya wastani maeneo mengine, kwa hiyo wao hawawezi kukosea. Mzee akikosea, atakayekuwa ameitia mvua mkosi ni wewe.

Kazi ya kwanza ni kujua mko wangapi. Siku ya kufukia mbegu mko 9. Jioni ya siku hiyohiyo, makande yakishaiva, mko 22, na wawili kati yenu hakuna anayekumbuka ni watoto wa nani, ila wanamwita bibi "bibi" na hiyo inatosha kuwapatia bakuli. Usijaribu kuirekebisha hesabu hiyo. Baba mkubwa aliwahi kupendekeza asiyelima asile, ikabainika kuwa yeye mwenyewe kiuno kinamuuma tangu msimu uliopita.

Sasa mbegu. Kwenye maduka ya pembejeo ya Makambako utauziwa chotara, labda UH615 au UH6303 za kituo cha utafiti cha Uyole, na bwana shamba atakueleza nafasi: sentimita 75 mstari hadi mstari, sentimita 30 shimo hadi shimo, mbegu moja moja. Sikiliza kwa heshima, andika hata kwenye daftari. Kisha utaingia shambani na bibi, mwenye mahindi yake yaliyoning'inia juu ya jiko tangu mavuno hadi yakawa meusi kwa moshi, yasiyoguswa na mdudu wala na ushauri. Yeye anapima kwa hatua ya mguu na anadondosha mbegu tatu: ya kuota, ya ndege na ya mgeni. Ili amani idumu, panda za dukani upande wa barabarani na za bibi upande wa bondeni. Bondeni ndiko kwenye rutuba, lakini hilo bwana shamba si lazima alijue.

Mbolea ina kanuni rahisi kabisa. DAP huwekwa siku ya kupanda, UREA mahindi yakifika magotini. Tangu msimu wa 2022/23 mkulima aliyejisajili ananunua mbolea yenye ruzuku, na ujumbe wake huja kwenye simu. Aliyesajiliwa ni mzee. Namba iliyosajiliwa ni ya baba mdogo. Baba mdogo yuko Tunduma kwa shughuli ambazo hata yeye hawezi kuzieleza, na simu yake inapatikana Jumapili tu, akikumbuka kuichaji. Ndiyo maana utatukuta tunaweka ya kupandia wakati jirani anaweka ya kukuzia.

Januari mnagundua mambo mawili kwa pamoja: kihenge kimeanza kutoa mwangwi, na shule zimefunguliwa. Ada ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, tunashukuru. Sare, madaftari na mahindi ya uji wa shule havikufutwa. Hapo ndipo mtaenda sokoni kununua mahindi. Ukiyachunguza vizuri yale mnayopimiwa, baadhi yana weusi wa moshi mnaoufahamu. Usiulize. Mfanyabiashara naye ana watoto.

Halafu palizi. Mwongozo wowote wa familia kubwa usiofundisha kukwepa palizi ni mwongozo wa bure. Homa haifai tena, bibi ana mwarobaini na utaunywa ukiwa umesimama. Safari ya kusaga unga ilikuwa nzuri zamani, siku hizi inagombaniwa na vijana watano wenye baiskeli moja. Msiba wa mbali hukubalika mara moja kwa msimu, mradi marehemu asije akapiga simu. Anayefanikiwa kila mwaka ni yule anayejitolea kubaki kulinda mtoto mchanga, hata kama mtoto huyo mgongo wa mama yake unamtosha na hana shida na mtu. Mwishowe mistari mirefu inalimwa na walewale: mama, mama mdogo na wasichana wawili ambao kila kikao huambiwa wataolewa na kuondoka, hivyo mambo ya shamba hayawahusu.

Ukipita katikati ya mistari utawakuta viwavijeshi vamizi, wageni waliobisha hodi nchini mwaka 2017 na ambao hawajaaga. Kila mwanafamilia ana dawa yake. Kuna wa majivu, kuna wa mchanga, kuna wa sabuni ya unga, na wote wanaimimina ndani ya moyo wa mmea mmojammoja kwa imani kubwa. Siku hiyo mhindi mmoja hupata tiba tatu.

Kuhusu mifugo kumbuka sheria moja: mbuzi anapokula mahindi ni wa baba mdogo, anapochinjwa ni wa familia.

Machi na Aprili ni miezi mizuri. Mahindi mabichi yapo, maboga yapo, ulanzi unagemwa na wazee wanakuwa na subira isiyo ya kawaida. Sina la kufundisha hapo. Kula.

Sasa tufike Julai, maana mwaka mzima unaamuliwa Julai. Mahindi yamevunwa na kupukuchuliwa, yameanikwa uani, na baridi ya Njombe inawabana nyote chini ya mablanketi ambayo idadi yake haijawahi kulingana na ya watu. Kwanza hakikisha yamekauka. Weka punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa; chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, bado yana unyevu, na ukiyahifadhi hivyo unaalika kuvu. Pili, jihadhari na dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wakulima walimbatiza jina la Skania. Anaweza kugeuza kihenge kuwa unga bila kwenda mashineni. Dawa ya unga ipo, mifuko isiyopitisha hewa ipo. Pesa ya kuvinunulia itapatikana mkiuza mahindi.

Ndipo kinaitishwa kikao. Mzee anakaa kwenye kiti chenye mgongo, wengine kwenye magogo, na azimio linapita bila kupingwa: mwaka huu hatuuzi hata debe moja mpaka Januari, bei ikipanda. Makofi. Familia yetu haijawahi kushindwa kupitisha azimio hilo. Nchi yenyewe ilipitisha "Siasa ni Kilimo" kule Iringa mwaka 1972 na "Kilimo Kwanza" mwaka 2009, kwa hiyo kwa maazimio hatuna uhaba.

Kesho yake asubuhi anakuja aliyetukopesha mbolea. Huyo alipwe, ni deni. Mchana shangazi anakumbusha mchango wa harusi ya mwanawe, maana harusi zote za ukoo hufungwa baada ya mavuno, na kamati imeshatukadiria kiwango bila kutuuliza. Jioni kuna mahari ya kaka mkubwa, ambayo wakwe wamesubiri tangu mwaka juzi kwa uungwana mkubwa na sasa uungwana umekwisha. Kuna kipaimara. Kuna bati la jiko la bibi. Kisha simu inalia kutoka Dar es Salaam, mjomba anauliza kwa sauti ya huruma kama mvua ilikuwa nzuri, nasi tunajua kuwa huo ndio utangulizi wa gunia.

Kila hitaji ni la haki, na hilo ndilo linaloudhi. Wataalamu hutufundisha kwamba mkulima anauza mapema kwa kukosa elimu ya masoko. Elimu tunayo. Mtoto wa darasa la tano pale nyumbani anajua kwamba bei ya Julai ni ya chini kwa sababu kila mtu anauza, na ya Januari ni ya juu kwa sababu kila mtu ananunua. Tunachokosa ni Julai isiyo na wadai.

Kwa hiyo uza, lakini uza kwa ustadi. Dalali atafika na debe lake, lililogongwagongwa kwa ndani hadi likavimba tumbo, na atalijaza mpaka kilele kimwagike. Ukilalamika atakuambia hivyo ndivyo vipimo vya huku. Madebe 6 yanafanya gunia. Kwa debe lake, ukimaliza 6 umempa karibu 7, na bado atakuomba ya kuonja. Kuna NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, wenye maghala Makambako, ila wao wanataka mahindi makavu na safi, na deni halisubiri mahindi yakauke.

Kuna mtu mmoja tu asiyekuwemo kwenye orodha ya wadai, naye ni mama. Wakati kikao kinapiga makofi, yeye anakuwa jikoni, na wakati dalali anapima, yeye anakuwa amekwisha kufukia madebe mawili ya mahindi chini ya pumba kwenye pipa la kuku. Hakuna anayelijua pipa hilo, yaani tunalijua sote na hatulitaji. Februari ndilo linalotulisha. Kama kuna hifadhi ya chakula iliyofanya kazi bila azimio, bila bajeti na bila mgeni rasmi, ni ile, na kwa maoni yangu funguo za kihenge zilipaswa kuwa kwake tangu zamani.

Agosti nendeni Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, mkapige picha na mahindi marefu ya maonesho. Mzee atauliza walipalilia wangapi. Hakuna atakayemjibu.

Nimebakiza neno kwa ndugu wa mjini, mnaokuja Krismasi tumeshapanda, mkashika jembe kwa ajili ya picha na kuondoka na viazi, maharage na kuku wawili. Tunawapenda, na gunia lenu la Julai mtapata. Ila hela ya mbolea mnayoituma Desemba haisaidii, maana DAP inaingia shimoni pamoja na mbegu na mvua inaanza Novemba. Tumeni Septemba. Tumeni kwa mama, si kwa namba ya baba mdogo. Na muweke ya kutolea.